Majina ya Waliokufa Mezani

Ngumi ya kwanza ilimkuta mchapishaji akitabasamu. Alikuwa amefungua mlango wa duka lake, akaona mtu mnene mwenye aproni ya damu, akadhani ni mteja anayetaka bango la bucha, akaanza kusema karibu. Neno halikumalizika. Pua ilivunjika kwa mlio mdogo, mkavu, ambao mpigaji aliujua vizuri kwa kuusikia kila siku juu ya gogo lake la kukatia nyama, na mchapishaji akaenda chini pamoja na rundo la kadi za harusi alizokuwa amezibeba.

Mpigaji alikuwa muuza nyama wa mtaa wa nyuma. Watu walimwita Mfupa, kwa mzaha tu, maana mwili wake ulikuwa na kila kitu isipokuwa mfupa unaoonekana. Alikuwa mtu wa utani, anayekata nyama huku akiwachokoza wateja, na hakuna aliyewahi kumwona akiinua mkono kwa binadamu. Siku hiyo alikuwa amepandwa na mori. Alimvuta yule bwana kwa kola, akamsimamisha, akamtandika tumboni, halafu akamkandamiza juu ya mashine ya kukatia karatasi mpaka shavu likagusa chuma.

"Nani kakupa ruhusa?" alisema. "Nani kakwambia umguse Ngao-Mbovu?"

Mdomo wa mchapishaji ulikuwa umejaa damu. Mfupa akachomoa kijitabu mfukoni, akampiga nacho usoni, kulia, kushoto, kulia, mpaka jalada likalegea. Kilikuwa kijitabu chembamba chenye rangi nzuri, kisa cha kuchezwa mezani kwa dadu, kinaitwa Lango Lililouzwa. Mteja mmoja alikuwa amekileta buchani asubuhi hiyo kwa nia njema kabisa, akisema, mzee, naona mchezo wenu umeanza kutembea. Mfupa alikifungua kwa kidole chenye mafuta huku akitabasamu. Ndani akasoma kwamba Ngao-Mbovu, askari mwoga, aliwauza wenzake kwa adui na kuwafungulia lango, na kwamba wachezaji wakimkamata wana hiari ya kumtoboa macho, kumkata viungo kimoja kimoja au kumtupia mbwa. Kulikuwa na picha pia. Amepiga magoti, anajikojolea.

Mtu asiyeujua mchezo wenyewe atasema huyu muuza nyama ni mwendawazimu tu, kavunja pua ya mtu kwa ajili ya karatasi. Basi auelewe kwanza.

Ni mchezo wa kusimulia. Watu wanakaa kuzunguka meza, kila mmoja anamshika mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, jina lake, silaha zake, na uhai aliobakiwa nao. Mmoja wao ni msimulizi. Yeye hana mhusika. Yeye ni dunia nzima, ni mvua, ni maadui, ni ukuta unaoanguka. Panapokuwa na shaka, dadu inarushwa, na inachosema dadu ndiyo kauli. Mfupa alikuwa msimulizi wa meza yao tangu mwanzo, na mdogo wake, wa tumbo moja, ndiye aliyetunga kanuni. Wakati wa kuzichapa kuwa kitabu, mdogo huyo aliandika leseni ukurasa wa mwisho, kwa maneno yake mwenyewe: chukueni, nakilini, badilisheni, uzeni mkitaka, bila kumwomba mtu ruhusa, tajeni tu mlikochukua, na ruhusa hii haitarudishwa nyuma kamwe. Mfupa alimcheka. Alimwambia, unagawa nyama bure halafu unawapa watu na mfuko wa kubebea.

Kitu kimoja tu mdogo alikifunga. Majina ya wahusika waliokufa kwenye meza ya kwanza yalibaki ya meza hiyo, na mtu mwingine asiyatumie. Mtu aliyekufa akipigania wenzake, alisema, hapaswi kufufuliwa na wageni wamfanye kikaragosi. Na kwa kuwa aliwajua watu, akaweka masharti, wasije wakaua wahusika ovyo ili wamiliki majina. Kifo kitokane na dadu iliyorushwa hadharani. Msimulizi akitamke kwa mdomo wake. Na awepo shahidi kutoka meza nyingine. Jina lililopita hapo liliingia kwenye orodha ya majina yaliyohifadhiwa. Ambalo halikupita lilikuwa la kila mtu.

Ngao-Mbovu alikuwa mhusika wa mdogo. Askari wa miguu, mzembe, mcheshi, mwenye ngao iliyopasuka aliyokataa kuibadilisha kwa sababu, alidai, ilikuwa imemzoea. Katika kikao cha mwisho alichocheza, wenzake walikuwa wakikimbia kutoka kwenye mnara wa maadui, naye akajitolea kubaki mlangoni ili wapate nafasi ya kuteremka ukutani kwa kamba. Muda ukawaishia hapo, watu walikuwa na kazi kesho yake. Mdogo akakusanya dadu zake akasema, "Mtanikuta hapa hapa mlangoni."

Kabla ya kikao kilichofuata, lori liliacha njia na kumbana kwenye ukuta wa ghala alilokuwa akifanyia kazi. Mfupa ndiye aliyekwenda kuutambua mwili. Mtu aliyezoea nyama maisha yake yote alitapika sakafuni, akalazimika kushikwa makwapa ili aweke sahihi.

Baada ya maziko, meza iliendelea, lakini kisa kilihamishiwa nchi nyingine na hakuna aliyeutaja ule mlango. Shemeji yake tu, mjane wa mdogo, ambaye naye alicheza, alimwambia mara kwa mara, shemeji, tukamalize yule mtu. Mfupa alikataa. "Msimulizi ni mimi," alisema, "na mimi sijasema amekufa." Moyoni mwake alikuwa amejipangia kwamba madhali hajasema, basi kuna mahali mdogo wake bado amesimama na kile kigae chake cha ngao, anatukana maadui na kuwachekesha. Ilimfariji sana. Kwa hiyo kitabu kilipochapwa upya pamoja na visa vya meza yao, kisa cha Ngao-Mbovu kiliishia mlangoni na jina lake halikuingia kwenye orodha, na Mfupa hakuwahi hata kufikiri kwamba jina linaweza kuokotwa.

Sasa lilikuwa limeokotwa, na aliyeliokota alikuwa anatema damu juu ya mashine yake.

"Orodha niliisoma, mzee," mchapishaji alisema alipopata pumzi. "Hayumo. Kwenye kitabu chenu mmemwacha mlangoni, hamkusema yaliyompata. Nikajiuliza, huyu alitokaje? Nikaona labda aliuza lango."

"Aliuza?"

"Nilitunga tu. Na nimewataja. Fungua ukurasa wa kwanza."

Mfupa akafungua. Jina la meza yao lilikuwepo, kwa herufi kubwa, na shukrani za heshima, na leseni yote ya mdogo wake, haikuondolewa hata nukta. Yule bwana alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Hasira ya Mfupa ikakosa pa kutua, na hasira ya namna hiyo ndiyo mbaya zaidi. Akalishika kabati la karatasi akaliangusha. Akaipiga teke mashine ya kuchapia mpaka sinia lake la karatasi likang'oka. Mchapishaji aliponyoosha mkono kuiokoa, Mfupa akauona mkono ule sakafuni, akaukanyaga kwa buti, akageuza kisigino. Mchapishaji alilia kwa sauti nyembamba ambayo iliwatoa watu madukani.

Aliyeingia alikuwa shemeji. Kazi yake ilikuwa ya udobi, upande wa pili wa barabara, na alikuja hivyo hivyo, mikono imelowa hadi kwenye viwiko, yenye makovu ya pasi. Hakupiga kelele. Alimshika Mfupa sikio, akalisokota, akamvuta nyuma.

"Utoe mguu wako hapo, shemeji."

"Hujaona alichoandika."

"Nitaona. Utoe kwanza."

Akautoa. Shemeji akakiokota kijitabu, akakisoma amesimama, katikati ya kadi za harusi zilizotapakaa damu. Alipofika kwenye picha alikaa nayo kwa muda. Mfupa alingoja alie, au angalau amtukane yule mtu. Hakufanya moja wala jingine.

"Huyu kakosa nini?" aliuliza. "Kafuata leseni ya mume wangu neno kwa neno. Jina ulimwachia wewe. Umeliacha wazi njiani, mtu kapita kaliokota, halafu unakuja kumvunja pua."

"Shemeji, alikuwa mlangoni. Hakuna aliyesema amekufa."

"Hakuna. Ndiyo hiyo." Akamgeukia mchapishaji, akamfunga vidole kwa kitambaa cha kichwani mwake. "Baba, jina likiingia kwenye orodha, utafanya nini?"

"Nakala zilizouzwa zimeshauzwa, dada. Hizo siwezi kuzirudisha, na leseni hainilazimishi. Ila jina likifungwa, sichapi tena hata moja."

"Una meza yako ya kucheza?"

"Ninayo."

"Basi njoo Jumapili mchana buchani, uwe shahidi. Polisi ukitaka kwenda nenda, nitakusindikiza mwenyewe na nitasema nilichokiona. Lakini Jumapili uje."

Mfupa alitaka kusema hapana. Shemeji alimtazama, na lile hapana likarudi lilikotoka.

Jumapili bucha ilikuwa imefungwa. Sakafu ilikuwa imeoshwa, ndoano tupu, kisu kikubwa na shoka vimelala kwenye beseni la maji ya chumvi. Walikaa kuzunguka gogo lenyewe, maana ndipo walipochezea siku zote, na juu yake kulikuwa na sinia la maini la kurushia dadu. Mchapishaji alikuja kweli. Pua ilikuwa imefungwa bandeji nyeupe, vidole viwili vimenyooshwa kwa kijiti. Mfupa alimwomba radhi bila kumtazama, naye akaipokea bila kumtazama, wakaachia hapo. Shemeji alitoa karatasi ya Ngao-Mbovu kutoka kwenye bahasha. Mwandiko ulikuwa wa marehemu. Shemeji ndiye angemshika mhusika huyo.

"Uko mlangoni," Mfupa alianza, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili. "Mlango ni mwembamba, mtu mmoja tu anapita. Wavaa-Ngozi wanapanda ngazi. Wa mbele ana sime."

Wavaa-Ngozi walikuwa maadui aliowabuni mwenyewe zamani, watu wanaovaa ngozi za wale waliowachinja. Shemeji akarusha dadu. Ikaangukia namba ya juu, ya juu kabisa.

Mfupa alishusha pumzi. "Sime inapita juu ya bega lako. Unamkita ukingo wa ngao, ule uliopasuka, kwenye koo. Unaingia chini ya kidevu, unakwama kwenye mfupa. Unaugeuza. Anaanguka juu ya wenzake, anawamwagia damu machoni."

Hapo alikuwa nyumbani. Kisu kinapita wapi na kinakwama wapi, hilo alilijua, na alipoanza kulisema hakubakisha. Wa pili aliingia ameinama, shemeji akarusha, na Ngao-Mbovu akampasua fuvu kwa kitako cha upanga. Wa tatu alikatwa mkono kwenye kiungo cha kiwiko, ukaachia vizuri, akabaki anautafuta kwenye ngazi. Dadu ziliendelea kumpenda. Maiti zikajaa mlangoni, waliokuja nyuma wakawa wanakanyaga matumbo ya wenzao na kuteleza. Mfupa alikuwa anatoka jasho, uso umenawiri. Hata mchapishaji alikuwa amesogeza kiti.

"Basi," Mfupa alisema, akijifuta kwa aproni. "Kimya kimetanda. Nadhani hao ndio walikuwa wa mwisho."

Mchapishaji akakohoa. "Samahani, mzee. Kwenye kitabu chenu mnasema mnara umejaa kuanzia chini hadi juu. Nikilikubali hilo, sitaweza kuweka sahihi."

Mfupa alimgeukia kwa macho ya siku ile dukani, na mkono wake ukasogea kuelekea kwenye beseni. Mchapishaji aliukunja ule mkono wake mbovu kifuani, lakini hakuinuka.

"Walete, shemeji," mjane alisema. "Walete wote."

Akawaleta. Mkuki wa kwanza uliingia kwenye paja, juu, karibu na kinena. Shemeji alipunguza uhai kwenye karatasi kwa penseli, polepole, kama mtu anayeshona kitufe. Ngao ikapasuka vipande, na kipande kimoja kikabaki kwenye kiganja. Panga likachukua vidole vya mkono wa kulia. Akajifunga upanga kwa mkanda, akaendelea. Akapoteza jicho. Akauma mtu shingo. Mfupa alisimulia akiwa amefumba macho, na kila dadu yake ilipoanguka vizuri kwa maadui, aliguna mwenyewe kwa maumivu. Kisha kisu cha kuchunia ngozi kikampata tumboni, kikapanda kwenda juu, na uhai kwenye karatasi ukaisha.

Kanuni ilimpa anayekufa rusho moja la mwisho, kila mara uhai unapoisha. Dadu ikitoa nusu au zaidi, anainuka. Shemeji akarusha bila kupepesa.

Akainuka.

Mfupa alilipiga gogo kwa kiganja mpaka sinia likaruka. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. "Kasimama! Shahidi, umeona mwenyewe, kasimama. Ni kichwa ngumu yule. Inatosha, shemeji. Dadu imesema. Tufunge hapa."

Shemeji alimwacha acheke mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

"Msikilize ulivyomfanya," alisema. "Ana jicho moja. Hana vidole. Utumbo uko nje, anaushika kwa mkono mmoja. Na bado unamwambia asimame. Wewe ukirudi kwako unasema mdogo wangu yuko mlangoni, unalala. Mimi nimelala naye akiwa hivi, shemeji. Kila siku namkuta amesimama, nasubiri mtu wa familia yake aseme alale chini. Nimesubiri mpaka nimechoka." Akaisukuma dadu ya maadui mbele ya Mfupa. "Piga."

"Siwezi."

"Piga."

Mchapishaji alikuwa ameinamisha kichwa. Mfupa aliichukua dadu, ikapotea ndani ya kile kiganja kikubwa. Alipiga moyo konde, akaiachia. Ilizunguka kwenye sinia, ikagonga ukingo, ikatulia, na hakukuwa na haja ya mtu kuisoma. Shemeji akarusha rusho lake la mwisho kwa mara nyingine. Ikaangukia moja.

"Anaanguka," Mfupa alisema. "Anaanguka magotini, halafu... halafu nuru kubwa inatoka mnarani, na maadui wote wanarudi nyuma kwa hofu, na..."

"Usitie chumvi. Tamka."

"Amekufa."

Mchapishaji aliweka kalamu juu ya karatasi ya orodha, akasita. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayejua anauliza nini. "Nisamehe, mzee. Leseni inataka jina. Nani amekufa?"

Mfupa akafungua kinywa, na jina lililotoka halikuwa la yule askari. Lilikuwa la mdogo wake, lile alilopewa na baba na mama, ambalo hakuna mtu wa ukoo ule aliyelitamka tangu siku walipomfukia. Alilisema lote, akalisema tena, na akaongeza kwamba amekufa, lori lilimbana ukutani, kifua kilikuwa kimekwisha kabisa, yeye mwenyewe alimwona.

Shemeji aliruka kutoka alipokaa. Alimpiga kofi, kisha akakunja ngumi. Alimpiga kifuani, begani, mdomoni, kwa ile mikono ya kukamua mashuka, na mdomo wa Mfupa ukapasuka, damu ikatiririka kwenye aproni. Hakuinua mkono hata kujikinga. Alisimama mbele yake apigwe, akilia kwa sauti nzito ya mwanaume asiyezoea, na kila ngumi ilipotua alilisema jina lile, naye shemeji akalisema pamoja naye, mpaka nguvu zikamwishia, akamwangukia shingoni, wakakaa wote wawili kwenye sakafu yenye maji.

"Ngao-Mbovu," shemeji alisema kutoka kule chini, uso wake ukiwa umejificha kwenye bega la shemeji yake. "Andika Ngao-Mbovu, baba. Huyo mwingine ni wetu."

Mchapishaji akaandika kwa vidole vilivyovimba, akaweka sahihi yake na jina la meza yake. Aliiacha orodha juu ya gogo, akalivuta komeo la mlango taratibu, akatoka nje.